Juror #2 ya Clint Eastwood: maswali tunayoulizwa kila mara, na majibu yetu ya Mombasa

Kila tunapotundika shuka ukutani Kibokoni na kuonyesha filamu hii, maswali ni yale yale. Yanaanza kahawa ikiwa bado moto na yanaisha watu wakiwa wameshavaa viatu mlangoni. Mara ya kwanza niliyajibu kwa mdomo, mara ya pili pia, mara ya tatu nikachoka nikayaandika. Mengi yanahusu namna wahakiki walivyoipokea, kwa sababu watu wamesikia ilisifiwa sana, kisha wakaitafuta wasiione.

Maswali ya 18 hadi 21 yanafichua mwisho. Kama hujaitazama, ishia la 17.

## Kwanza kabisa

1. Ni filamu gani hii, na ya nani?

Inaitwa Juror #2, yaani mwanajuri nambari mbili. Mwelekezi ni Clint Eastwood, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 31 Mei 1930. Hesabu mwenyewe: ilipotoka mwishoni mwa 2024 alikuwa na miaka 94. Hadithi imeandikwa na Jonathan Abrams, na filamu nzima ni dakika 114.

Nicholas Hoult ndiye Justin Kemp, huyo mwanajuri. Toni Collette ni Faith Killebrew, mwendesha mashtaka. Chris Messina ni wakili wa utetezi, J.K. Simmons ni mwanajuri mzee mwenye macho makali, na Kiefer Sutherland ni wakili rafiki wa Justin. Eastwood mwenyewe haonekani hata mara moja. Aliyeonekana ni bintiye, Francesca, aliyeigiza marehemu.

2. Inahusu nini? Nieleze bila kuniharibia.

Justin ni kijana wa Savannah, jimbo la Georgia. Aliwahi kuwa mlevi, ameacha. Mkewe ana mimba ambayo wote wawili wanaiombea, maana wamewahi kupoteza nyingine. Anaitwa kuhudumu kwenye juri. Kesi ni ya mauaji: mwanamume anadaiwa kumuua mpenziwe baada ya kugombana naye baa, usiku wa mvua kubwa, mwili ukakutwa chini ya daraja.

Mashtaka yanaposomwa Justin anaanza kutokwa na jasho. Usiku ule ule alikuwa baa ile ile, na akiwa njiani kurudi nyumbani alikuwa amegonga kitu gizani. Aliteremka, akatazama, hakuona kitu, akajiambia ni paa. Sasa yuko kwenye kiti cha kumhukumu mtu kwa kosa ambalo huenda ni lake.

Hapo sijakuharibia chochote. Haya yote yamo kwenye trela, na ndani ya filamu unayajua mapema sana. Utamu wake si wa kubahatisha nani kaua.

3. Juri ni kitu gani? Mbona sisi hatuna?

Juri ni raia wa kawaida, kumi na wawili katika kesi kama hii, wanaoitwa kwa barua, wanaapishwa, wanasikiliza ushahidi, kisha wanajifungia chumbani kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Jaji anasimamia sheria, wao wanaamua ukweli. Katika kesi hii lazima wakubaliane wote kumi na wawili. Wakishindwa kabisa kukubaliana, kesi inavunjika na upande wa mashtaka unaweza kuanza upya.

Kenya ilikuwa nalo, lakini kwa ubaguzi. Wakati wa ukoloni Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya juri. Mwafrika alisikilizwa na jaji aliyeketi na wazee wa baraza, wakatoa maoni yao, na jaji hakulazimika kuyafuata. Utaratibu wa wazee hao ulifutwa kwa sheria mwaka 2007. Leo kesi ya mauaji inasikilizwa na jaji mmoja wa Mahakama Kuu, anapima ushahidi mwenyewe na kuandika sababu zake.

Ndiyo maana watazamaji wetu wengi hushangaa kumuona fundi, dereva na mwanafunzi wakishika roho ya mtu. Mshangao huo ni halali, na nadhani unatusaidia kuiona filamu vizuri kuliko mtu aliyelizoea jambo lenyewe.

4. Huyu Eastwood ndiye yule wa farasi?

Ndiye. Wazee waliokuwa wakipanga foleni kwenye kumbi za sinema za Naaz na Regal wanamjua kwa kofia, blanketi begani na kisigara mdomoni, zile sinema za makauboi za miaka ya 1960 zilizotengenezwa na Waitaliano. Waliokuja baadaye wanamjua kama askari Harry Callahan, yule wa bastola ndefu. Vijana wanamjua kwa Million Dollar Baby, au kwa Invictus ya 2009, ile ya Mandela na raga.

Kazi ya uelekezi aliianza 1971 na Play Misty for Me. Ametunukiwa Oscar ya mwelekezi bora mara mbili: kwa Unforgiven ya 1992 na Million Dollar Baby ya 2004. Juror #2 huhesabiwa kuwa filamu yake ya arobaini kama mwelekezi.

## Wahakiki walisema nini

5. Kwa ufupi, ilipokewaje?

Vizuri sana, tena kuliko filamu zake kadhaa zilizotangulia. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2024 kufunga tamasha la AFI Fest, Los Angeles, na tahakiki za mwanzo zilikuwa za kupendeza. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki, ilivuka asilimia 90. Kwenye Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, ilisimama kwenye sabini na kitu kati ya mia. National Board of Review, chama cha Marekani cha tangu 1909, kiliiweka kati ya filamu kumi bora za 2024.

6. Asilimia 90 na sabini na kitu! Ipi ni ya kweli?

Zote mbili. Zinapima vitu tofauti, na hapa ndipo watu wengi hupotea.

Chukua muuza kahawa wa Makadara. Watu kumi wanakunywa kikombe kila mmoja. Tisa wanasema inanyweka, mmoja anatema. Rotten Tomatoes itaandika asilimia 90, ingawa huenda hakuna hata mmoja aliyesema hajawahi kunywa kahawa tamu kama ile. Inahesabu ndiyo na siyo tu. Metacritic inawauliza wale kumi wape alama, kisha inatoa wastani, na wengine sauti zao zina uzito zaidi.

Kwa hiyo asilimia ya juu na wastani wa kati zikikaa pamoja zinakuambia hivi: karibu kila mhakiki aliipenda, wachache waliizimia. Nikiulizwa mimi, ndivyo ilivyo hasa. Ni filamu ya fundi, haina tamaa ya kukushtua. Anayekwenda kuitazama akitarajia muujiza kwa sababu ya ile 90 atarudi akilalamika, na tumemuona akilalamika.

7. Walisifu nini hasa?

Kwanza uso wa Hoult. Filamu nzima imekaa juu ya mtu anayejua jambo na hawezi kulisema, na Hoult halii wala hapigi kelele. Macho yake yanafanya kazi hiyo: unamuona akipiga hesabu, akijionea aibu kwa hesabu hiyo, kisha akiendelea kuipiga. Wahakiki walipenda kuwa yeye si mtu mbaya. Ni mume mwema, jirani mwema, na kila hatua mbovu anayochukua ina sababu ambayo wewe pia ungeitoa.

Pili Toni Collette. Killebrew anaanza akiwa na uhakika wa kesi yake, anagombea cheo, anataka ushindi. Kisha shaka inamwingia polepole kama maji yanayopenya dau. Kuna waliofurahia jambo la pembeni pia: Collette na Hoult waliigiza mama na mwana kwenye About a Boy ya 2002, Hoult akiwa mtoto. Miaka ishirini na zaidi baadaye wamekaa pande mbili za kesi moja.

Tatu, na hili ndilo lililojirudia kuliko yote, usafi wa usimulizi. Eastwood anajulikana kwa kupiga picha haraka na kurudia mara chache. Hakuna kamera inayozunguka bila sababu. Muziki hausukumi watu walie. Usiku wa baa unarudiwa mara kadhaa, kila shahidi na namna yake ya kuukumbuka, na kila mara unaona kitu kidogo ambacho hukukiona. Filamu inaanza na mizani na kitambaa cha macho cha sanamu ya haki, halafu moja kwa moja tunamuona mke wa Justin amefungwa kitambaa machoni, anaongozwa na mumewe kwenda kuona chumba cha mtoto. Sekunde chache tu, na mumewe tayari ni mtu anayemfunika mtu macho kwa mapenzi.

Tena kulikuwa na masikitiko ndani ya sifa hizo. Wahakiki wengi waliandika kwamba filamu za aina hii, za watu wazima, za bajeti ya kati, zisizo na mashujaa wa kuruka angani, Hollywood imekaribia kuziacha. Wakaisifu hii kama mtu anavyosifu samaki wa msimu akijua msimu unakwisha.

8. Na walilalamikia nini?

Sadfa. Yaani katika mji mzima, mwanajuri aitwe kwenye kesi ile ile inayomhusu? Wengi waliona hilo ni la kupikwa. Mimi sikubaliani nao sana. Hadithi yoyote ina ruhusa ya sadfa moja, mradi iwe mwanzoni na iwe inamtia mtu taabuni. Sadfa inayomtoa mtu taabuni ndiyo ya kukataliwa. Bibi zetu walijua hilo: sultani akikutana na maskini njiani hakuna anayeuliza uwezekano wake ni kiasi gani.

Lawama yenye nguvu zaidi ni ya upelelezi. Majeraha ya marehemu yangeweza kuwa ya kugongwa na gari, tena barabarani, tena usiku wa mvua, na hakuna askari wala daktari wa maiti aliyelifuata wazo hilo mpaka wanajuri wenyewe walitaje. Dereva mmoja mstaafu katika kikao chetu hakuweza kuvumilia. "Kwani hao polisi hawana mato?" aliuliza, na kila mtu akacheka, lakini ndilo swali la wahakiki wengi kwa Kimvita. Utetezi wa filamu ni kwamba polisi walishampata wanayemtaka, mtu mwenye sifa mbaya, wakaacha kutafuta. Hilo linatokea duniani. Bado, wakili wa utetezi angepaswa kuliuliza dakika ya kwanza.

Lawama nyingine ni ndogo. Wanajuri kadhaa ni vikaragosi, mmoja kwa kila aina ya mtu. Na baadhi ya picha zina mwanga wa kawaida mno, kama mfululizo wa televisheni wa saa tatu usiku. Hapo sina utetezi.

9. Mbona kila mhakiki anaitaja filamu ya 1957?

Ni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, filamu yake ya kwanza ya sinema. Wanaume kumi na wawili chumbani, kumi na mmoja wanataka kumtia mtu hatiani, mmoja anasema ngojeni. Tangu siku hiyo haiwezekani kutengeneza filamu ya chumba cha juri bila kivuli chake kuingia.

Eastwood anajua, na anakichezea kivuli hicho. Hapa pia kuna mmoja anayesema ngojeni tuzungumze kwanza, na anasikika mwungwana vile vile. Tofauti ni kwamba yule wa Lumet hakuwa na la kuficha. Huyu anamtetea mshtakiwa kwa sababu dhamiri inamsuta, na wakati huo huo anaogopa utetezi wake usije ukafanikiwa kupita kiasi, watu wakaanza kumtafuta muuaji wa kweli. Maneno ni yale yale na nia imegeuka. Ukiwa na muda, zitazame mfululizo kwa siku mbili.

10. Je, hawakumpendelea tu kwa sababu ni mzee?

Swali zuri, na jibu ni kidogo, ndiyo. Mtu wa miaka 94 akikamilisha filamu, wino wa mhakiki unalainika wenyewe. Lakini filamu yake iliyoitangulia hii, Cry Macho ya 2021, aliitoa akiwa na miaka 91, na wahakiki waliigawanyikia vibaya. Uzee haukumwokoa hapo.

Pia Eastwood hakulelewa na wahakiki. Dirty Harry, ile ya askari Callahan, ilipotoka 1971, mhakiki Pauline Kael wa jarida la The New Yorker aliishambulia kuwa ina roho ya kifashisti: askari anayeona haki za mshtakiwa ni kero inayomzuia kufanya kazi. Mvutano huo ulimfuata miaka mingi. Sasa fikiria: mtu aliyepata umaarufu kwa kuigiza askari asiyeitaka mahakama, nusu karne baadaye anakaa chini kutengeneza filamu ambayo hofu yake yote ni mtu asiye na hatia kufungwa kwa sababu polisi na mashtaka walikuwa na haraka. Sidhani amegeuka. Nadhani tangu zamani haamini taasisi, na sasa amehesabu hata zile zilizokuwa upande wake. Wahakiki waliomfuata kwa muda mrefu waliliona hilo, na ndiyo sehemu ya sifa ambayo haihusiani na umri.

11. Kwa nini Ufaransa inatajwa sana?

Kwa sababu Wafaransa walimheshimu kama msanii mapema. Filamu yake Pale Rider ilishindana kwenye tamasha la Cannes 1985, na Bird ikashindana 1988, Forest Whitaker akatoka na tuzo ya mwigizaji. Mwaka 1994 Eastwood mwenyewe aliongoza juri la Cannes, hivyo kabla ya kutengeneza filamu ya juri alishakaa kwenye juri, ingawa lile halikumfunga mtu. Juror #2 ilifika Ufaransa mwishoni mwa Oktoba 2024, ikapewa kumbi nyingi, na ilipata watazamaji wengi huko kuliko unavyoweza kutarajia kwa filamu iliyofichwa nyumbani kwao.

## Kumbi, pesa na tuzo

12. Kama ilisifiwa hivyo, mbona haikuonyeshwa kila mahali?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wahakiki wenyewe waliliandika kwa hasira kuliko walivyoandika kuhusu filamu.

Studio ni Warner Bros., ambayo Eastwood amefanya nayo kazi tangu miaka ya 1970. Tarehe 1 Novemba 2024 waliitoa Marekani kwenye kumbi zisizofika 50. Nchi ya watu zaidi ya milioni 330! Hawakutangaza mapato ya Marekani, jambo ambalo kwa kawaida studio hufanya kila Jumatatu. Tarehe 20 Desemba 2024 ikaingia Max, huduma yao ya kutazama nyumbani.

Sababu zinazotajwa ni mbili. Cry Macho ilipoteza pesa. Na soko limebadilika: inasemwa kuwa watu hawatoki tena nyumbani kwenda kutazama filamu ya mahakamani, na hii tangu mwanzo ilipangiwa zaidi kutazamwa nyumbani. Labda. Lakini hoja hiyo inajithibitisha yenyewe: usipompa mtu ukumbi, bila shaka hatatoka. Bajeti yake iliripotiwa kuwa karibu dola milioni 35, na pesa ilizopata zilitoka zaidi nje ya Marekani.

Kwetu Mombasa jambo hili halishangazi. Kumbi nyingi za zamani za mjini zimegeuzwa matumizi mengine, na tumezoea filamu kutufikia kwa mlango wa nyuma. Ajabu ni kuona mzee wa Hollywood akipitishwa mlango huo huo.

13. Ilipata Oscar?

Haikuteuliwa hata moja. Ilitambuliwa na National Board of Review (swali la 5), basi. Kutoonyeshwa kwingi kunadhuru hapo pia: wapigaji kura wa tuzo hufuata kampeni, na kampeni ni pesa ya studio.

14. Ni filamu yake ya mwisho?

Iliandikwa sana hivyo wakati wa utengenezaji. Eastwood hakusimama kutangaza kustaafu. Upigaji picha ulianza Juni 2023, ukakatizwa na mgomo wa waigizaji Julai, ukamalizika baada ya mgomo kwisha Novemba. Mtu wa miaka 93 akisubiri mgomo uishe ili arudi kazini, mimi siwezi kumstaafisha.

## Sisi huku

15. Kwa nini mwendesha mashtaka anapiga kampeni kama diwani?

Kwa sababu Georgia wakuu wa mashtaka huchaguliwa kwa kura. Killebrew anagombea cheo hicho, na kesi hii ya mwanamke aliyeuawa ndiyo bango lake. Akishinda kesi ameshinda kura. Huku kwetu, chini ya Katiba ya 2010, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huteuliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, hapigiwi kura. Usipolijua hili utamuona Killebrew kama mtu mwenye tamaa tu, wakati filamu inausema mfumo uliompa sababu ya kuharakisha.

16. Je, Justin ana kosa gani hasa? Si ajali tu?

Hapa baraza letu hugawanyika kila mara, na wahakiki nao waligawanyika.

Wapo wanaosema alidhani ni mnyama, hakulewa, alisimama akatazama, afanye nini tena? Baa alikuwa amenunua pombe, lakini hakuinywa. Wengine wanamjibu: ukigonga mbuzi barabara ya Malindi unateremka na tochi, maana mwenye mbuzi hakosi kutokea, na anatokea na bei. Justin aliangalia kama mtu anayetaka asione. Kisheria, huku kwetu dereva aliyesababisha ajali lazima asimame na aripoti, na kuua kwa uendeshaji wa hatari kunaweza kumfikisha mtu miaka kumi jela.

Lakini mama mmoja alitia neno lililotutuliza. Alisema ajali ni ya Mungu, ila siku ile alipokaa mahakamani akajua, pale ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu sasa ni haki ya mja mwenzake. Toba kwa Mola unaweza kuifanya chumbani mwako usiku. Haki ya mja huirudishi mpaka umwendee mwenyewe. Nimesoma tahakiki nyingi za filamu hii, zingine ndefu mno, na sijaona iliyolisema jambo hilo kwa maneno machache hivyo.

17. Ina matusi? Naweza kutazama na watoto? Na nikiipenda nitazame nini tena?

Marekani ilipewa daraja la PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu kwa walio chini ya miaka 13: maiti inaonekana kidogo, matusi yapo ya hapa na pale, hakuna mambo ya chumbani. Tatizo la watoto litakuwa usingizi. Ni watu wanaongea.

Kwa ya kufuatia, ukiacha ile ya Lumet (swali la 9), tafuta The Verdict yake ya 1982, ya wakili mlevi anayepata kesi moja ya kujisafisha. Halafu The Caine Mutiny Court-Martial ya William Friedkin, mkongwe mwingine aliyemalizia kazi yake mahakamani. Alifariki Agosti 2023 akiwa na miaka 87, na filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la Venice mwezi uliofuata. Ya Eastwood mwenyewe, Midnight in the Garden of Good and Evil ya 1997 pia ni ya Savannah na pia ina kesi, ila wahakiki hawakuipenda hivi, na ni ndefu.

## Kwa walioitazama mpaka mwisho

18. Kwa nini hakusema tangu siku ya kwanza?

Alikaribia. Anakwenda kwa rafiki yake Larry, wakili, anampa dola moja ili mazungumzo yawe ya wakili na mteja. Larry anamwambia ukweli mkavu: mtu mwenye rekodi ya kuendesha akiwa amelewa, aliyetoka baa usiku, hakuna juri litakaloamini kuwa hakunywa. Basi huyo ambaye sasa ni mwanajuri anaambiwa kwamba wanajuri hawataweza kumwamini. Kejeli hiyo wahakiki wachache waliigusa, na kwangu ndiyo uti wa mgongo wa filamu.

19. Yule mzee polisi mstaafu aliondolewa kwa kosa gani?

Harold alikwenda kufanya upelelezi wake nje, na mwanajuri anakatazwa. Lazima aamue kwa ushahidi wa mahakamani pekee. Jaji akamwondoa na kumweka mwanajuri wa akiba mahali pake. Tazama tena namna alivyokamatwa: ni Justin aliyeziangusha zile karatasi mbele ya askari wa mahakama, makusudi. Mpaka hapo ungeweza kusema Justin alinyamaza tu. Kuanzia hapo anatenda.

20. Mshtakiwa ameshahukumiwa. Ukweli ukitoka baadaye unamsaidia nini?

Unamsaidia. Sythe alipewa kifungo cha maisha bila nafasi ya msamaha, lakini mtu aliyetiwa hatiani anaweza kuomba kesi isikilizwe upya ushahidi mpya ukipatikana. Huku kwetu pia, Kifungu cha 50(6) cha Katiba kinampa aliyehukumiwa nafasi ya kuomba Mahakama Kuu kesi mpya kwa ushahidi mpya wenye uzito. Kwa hiyo mlango aliofunga Justin haujapigwa misumari, na Killebrew anajua hilo kuliko mtu yeyote.

21. Basi pale mwisho, anagonga mlango afanye nini?

Justin yuko nyumbani na mke na mtoto mchanga. Hodi. Anafungua, Killebrew amesimama, ameshapata cheo alichokitaka. Wanatazamana. Hakuna neno. Filamu inaisha.

Wapo wahakiki walioona ni ukatili kwa mtazamaji, wengi waliona ndiyo sekunde bora za filamu. Baraza letu limegawanyika mara zote tulizoionyesha. Wengine wanasema kaja kumkamata. Lakini mwendesha mashtaka hakamati mtu, hutuma polisi, na amekuja peke yake. Wengine wanasema kaja kumpa nafasi aseme mwenyewe. Kijana mmoja alishikilia kuwa hakuna aliyebisha hodi, ni dhamiri tu, na alipoulizwa mbona mkewe aliusikia mlango, akanyamaza.

Mimi huangalia uso wa Collette. Hauna ushindi na hauna hasira. Ameacha kila kitu kilichomnufaisha kuhusu kesi ile, akaja na miguu yake mpaka kwa mwenye jibu. Anataka kulisikia, halafu ndiyo aamue. Hilo halijaandikwa popote kwenye filamu, na ukiniuliza wiki ijayo huenda nikakujibu vingine.